Mama Robo Saa na Tangi la Kuosha Macho

Tangazo. Wenye macho mawili watazame, wenye moja wajitahidi, na wenye usingizi wapigwe kiwiko na jirani. Inatangazwa kwamba katika kiwanda cha sabuni kilicho nyuma ya karakana ya magunia, mwanamke mmoja aliyefunga vipande vya sabuni kwa miaka kumi na tisa bila jina lake kuonekana hata kwenye ubao wa siku za kuzaliwa, ameteuliwa kwa barua yenye mhuri kuwa Mkuu wa Kituo cha Kuosha Macho. Cheo hicho hakina ofisi, hakina kiti wala msaidizi. Kina tangi.

Tangi lenyewe ni la kijani, lina mpini na magurudumu mawili kama toroli, na mbele yake kuna vijibomba viwili vilivyotazama juu. Ukikivuta chini kifuniko cha manjano, maji yanaruka taratibu, mawili kwa mawili, jicho la kulia na jicho la kushoto. Likijaa linatoa maji kwa dakika kumi na tano. Halijui kusoma, halijui kusema, na kwa muda mrefu lilikuwa ndicho kitu chenye akili kuliko vyote kiwandani, ukimtoa mwanamke huyo.

Tatizo la kwanza lilikuwa la lugha. Mtaani kuosha macho si jambo la maji. Mtu akikuaga kwamba anakwenda kuosha macho, anakwenda kukaa mahali wanapopita watu waliopendeza, atazame, ashibe, arudi nyumbani kama hakuna kilichotokea. Mkurugenzi hakuliwaza hilo. Alichukua rangi nyekundu akaandika kibao kwa mkono wake mwenyewe: MAHALI PA KUOSHA MACHO. RUHUSA KWA WAFANYAKAZI WOTE. Kufika saa nne asubuhi, vijana sita wa kupakia mizigo walikuwa wamejipanga kando ya tangi, mikono mifukoni, wanawatazama akina dada wa kufunga sabuni.

"Mnataka nini hapa?" mwanamke yule aliuliza.

"Tunaosha macho, mama. Uongozi umeruhusu."

Hakubishana nao. Alimshika kisogo aliyekuwa karibu, akamwinamisha, akavuta kifuniko cha manjano. Yule kijana akawa mtu wa kwanza katika historia ya kiwanda kuoshwa macho kwa utaratibu unaotakiwa. Wenzake watano walikumbuka ghafla kwamba kuna lori linawasubiri.

Habari zilifika nyumbani kabla yake. Mumewe ni fundi saa, mtu anayeishi na kioo cha kukuzia kwenye jicho moja tangu asubuhi hadi jioni, na siku hiyo alikitoa kabisa, jambo analolifanya kwenye misiba tu.

"Mama Pacha, nasikia umepandishwa cheo."

"Nimepandishwa."

"Mkuu wa kuosha macho. Sasa mimi wateja niwaambie nini? Mke wangu analipwa kutazama wanaume?"

"Siwatazami. Nawaosha."

"Hapo ndipo umezidi kuharibu."

"Baba Pacha, kaa chini nikueleze."

"Nieleze nini? Macho hayana pazia, wahenga walishasema."

"Yanalo. Linaitwa kope. Kazi yangu ni kulifunua kwa vidole viwili na kulishikilia."

Akamweleza. Cheo kilitokana na somo la siku moja. Mwalimu wa usalama kazini alikuja akawakusanya watu arobaini ukumbini mara tu baada ya chakula cha mchana, na kufika ukurasa wa pili watu thelathini na tisa walikuwa wamelala fofofo, Mkurugenzi akiwa mstari wa mbele kama kiongozi bora. Mama Pacha alikuwa amekalia kiti chenye mguu mmoja mfupi. Kila akisinzia kiti kinamwamsha. Ndivyo alivyosikia somo zima.

Alisikia kuhusu kostiki, ile soda inayochanganywa na mafuta kutengeneza sabuni. Alikuwa ameishi nayo ukuta kwa ukuta miaka kumi na tisa, lakini hakuwahi kuambiwa kwamba ikiingia jichoni haichomi ikaondoka. Inabaki inakula. Unaweza kusema umepona nayo bado inakula. Dawa yake ni maji safi, mengi, upesi: sekunde kumi kulifikia tangi, dakika kumi na tano kuosha. Ukipunguza, umepunguza jicho. Mwisho wa somo mwalimu aliuliza nani ameelewa, na mkono mmoja ukainuka. Hivyo ndivyo vyeo vinavyopatikana.

Mumewe alikirudisha kioo jichoni, dalili kwamba amani imerejea. "Na Tarumbeta anasemaje?"

Hilo ndilo lilikuwa tatizo la pili.

Tarumbeta ni mdogo wake fundi saa, kwa hiyo ni shemeji yake Mama Pacha, na ni fundi wa kuchanganya kostiki. Zamani alipiga tarumbeta kwenye bendi za harusi mpaka jino la mbele lilipomtoka. Tarumbeta likauzwa, mapafu yakabaki. Kwa miaka kumi na mmoja, mtu yeyote kiwandani aliyeingiwa na kitu jichoni alipelekwa kwake. Anakushika kidevu, anapindua kope, anavuta pumzi kama anataka kumeza chumba, halafu fuuu. Vumbi linatoka, na wakati mwingine kofia nayo inatoka. Watu walimwamini kuliko zahanati.

"Shemeji," alimwambia Mama Pacha siku tangi lilipowekwa, akilizunguka kama mtu anayekagua mbuzi mgonjwa, "yaani miaka yote hii mmekula pumzi yangu bure, leo mnaniletea plastiki?"

"Wewe endelea na vumbi. Kostiki haipulizwi."

"Pumzi hii imezima mishumaa ya keki nikiwa nimesimama mlangoni."

"Jicho si keki."

"Robo saa lakini? Mtu mzima ainame robo saa kama bata anayetafuta pete? Mimi kwa robo saa nimeshapuliza kiwanda chote na majirani."

"Robo saa."

"Tupunguze. Tano."

"Shemeji, tuko kwenye macho, hatuko sokoni. Robo saa."

Kuanzia hapo jina la Mama Pacha likafa kazini. Likazaliwa Mama Robo Saa. Akipita anaimbiwa. Ukimwomba chumvi anakuambia subiri, mwenzake anadakia, "Robo saa?" Hata karani wa mapokezi, binti mpole asiyemkera mtu, alimwandika hivyo kwenye daftari la mahudhurio bila kukusudia.

Yeye hakukasirika. Alikuwa na wasiwasi mwingine kabisa: hajawahi kumwosha mtu kwa robo saa kamili. Jumapili akamwita mumewe uani, akamwekea beseni, akajaza majagi, akatega saa ya kengele.

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," alimwambia. "Inama."

Dakika ya pili fundi saa aliuliza kama bado. Ya tatu alisema macho yameshatakata na saa imekufa, na yeye kama fundi anajua. Ya tano shingo ikamuuma. Ya saba akaomba msamaha kwa jambo la miaka sita iliyopita ambalo mkewe hakuwa na habari nalo. Ya tisa akaapa kwamba mlango wa jikoni, uliokuwa ukilia tangu mapacha wazaliwe, atautengeneza leo leo. Kengele ilipolia alinyanyuka amelowa mpaka soksi, akaenda moja kwa moja kuchukua bisibisi.

Mama Robo Saa aliandika kwenye daftari lake: *Dakika ya tatu ndipo wote watasema wamepona. Usimsikilize.* Mumewe akamfungia ile saa ya kengele kwenye kamba ili aivae shingoni. Aliisafisha kwanza, na fundi saa akikusafishia saa bila kuombwa, ujue unapendwa.

Kila Jumatatu alilimwaga tangi, akalisugua ndani, akalijaza maji safi. Kila asubuhi alilisukuma mpaka mlangoni mwa chumba cha kuchanganya. Na kila walipokuja wageni, Mkurugenzi aliagiza lipelekwe mapokezini, likae kati ya sofa na picha yake ya ukutani.

"Wageni waone kwamba tunajali," alisema.

"Mzee, mapokezini kuna hatari gani? Karani atarukiwa na mhuri?"

"Mama, hii ni sura ya kampuni."

"Kutoka hapa mpaka kwa wachanganyaji ni hatua mia na arobaini. Nimehesabu. Mtu aliyefumba macho hatazimaliza."

Alilirudisha kwa wachanganyaji mara mbili bila ruhusa. Mara ya pili alipata barua ya onyo: *kuhamisha mali ya kampuni machoni pa wageni.* Mkurugenzi alimkabidhi kwa mkono wake, akaongeza kwa mdomo yale ambayo karatasi iliyaonea aibu. "Ukiligusa tena mbele ya wageni, wewe unarudi kufunga sabuni na tangi linafungiwa stoo. Tumeelewana?"

Akaipeleka barua nyumbani. Kufunga sabuni hakukumtisha, mikono yake ingefunga hata akiwa usingizini. Kilichomnyima raha ni picha ya tangi limejaa maji safi, limefungiwa kwa kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu aliyelala wakati wa somo.

Alhamisi walikuja wanunuzi watano kutoka mbali, wamevaa makoti meupe kama madaktari wa sabuni. Tangi lilikuwa mapokezini, limefungwa utepe, juu yake yamepachikwa maua ya waridi ya plastiki. Mama Robo Saa alisimamishwa pembeni yake kama mpambe wa bibi harusi, ameambiwa atabasamu. Mkurugenzi alikuwa ndio kwanza amefika kwenye neno "usalama" katika hotuba yake.

Kule ndani, Tarumbeta alikuwa amepandisha miwani yake ya kazi juu ya paji la uso. Alikuwa na sababu: mwenzake ameingiwa na vumbi, na yeye asingeweza kupima kope vizuri akiwa na miwani. Akamshika kidevu. Akavuta pumzi yake maarufu. Akarudi nyuma hatua moja kupata nafasi, na kiwiko kikapiga jagi la kostiki lililokuwa ukingoni mwa meza. Jagi likaanguka kwenye pipa, na pipa likamrudishia usoni.

Sauti iliyotoka ilifika mapokezini. Mama Robo Saa aliijua. Ilikuwa tarumbeta bila tarumbeta.

Alitazama wageni, akatazama Mkurugenzi, akashika mpini.

"Mama," Mkurugenzi alisema kwa meno yaliyobanwa, "tulikubaliana."

"Ulikubaliana peke yako, Mzee."

Akalisukuma. Tangi lililojaa maji ni zito kama ng'ombe aliyekataa, lakini likishaanza kwenda linakwenda kweli. Magurudumu yalipiga kelele koridoni, maua ya plastiki yakawa yanadondoka moja moja, utepe ukamkamata karani kwenye kiatu, na wageni watano wakaona ni adabu kufuata. Mkurugenzi alifuata wageni. Mpika chai wa ofisini alifuata Mkurugenzi, na trei mkononi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, lakini zake hazikuwa na muda wa kungoja ukingo.

Aliona kundi mlangoni mwa chumba cha kuchanganya. Tarumbeta amepiga magoti, ameziba uso, na vijana watatu wanampulizia kwa zamu, wamevimba mashavu, kila mmoja akidhani pumzi ya mwenzake ndiyo dhaifu. Miaka kumi na mmoja amewapuliza wote, na leo hakuna hata mmoja mwenye mapafu yake. Mganga hajigangi.

"Acheni kupuliza," alisema. "Mleteni huku. Mleteni tukutane."

Wakamburuta, naye akasukuma, wakakutana katikati ya korido. Alijua sekunde kumi zimeshapita muda mrefu na alilijua hilo kwa hasira. Akamvua shati lililolowa, akamwinamisha, akavuta kifuniko cha manjano, akafunua kope zote mbili kwa vidole. Maji yakaruka. Akategesha saa.

"Shemeji, nakufa."

"Hufi. Zungusha macho. Juu. Chini."

"Sioni kitu."

"Hakuna cha kuona humu, ni maji tu. Zungusha."

Sauti iliyobaki ni maji na ile saa inayogonga kifuani kwake. Vijana waliokuwa wakimwimbia korido nzima walisimama ukutani wameshika mikono yao wenyewe.

Dakika ya tatu, Tarumbeta akainua shingo. "Nimepona. Kweli, shemeji. Hayaumi tena."

"Nilijua utasema."

"Nakuambia nimepona."

"Imeandikwa kwenye daftari. Inama."

"Nitamwambia mama mkwe wako."

"Mwambie. Naye nitamwosha."

Mtu mmoja alicheka, halafu wengine, na kicheko kile kikampa nguvu za vidole, maana kope za Tarumbeta zilikuwa zinapigana naye kama samaki. Dakika ya sita alimtukana. Dakika ya nane alimwomba radhi. Dakika ya tisa alikiri mbele ya wafanyakazi wote kwamba jino lake la mbele halikutolewa na ngumi za majambazi kama alivyokuwa akisimulia. Alianguka kutoka kwenye kochi.

Dakika ya kumi na moja maji yakakoroma, yakatema mate mawili, yakakata.

Mama Robo Saa alilipiga tangi ubavuni kwa goti. Tupu. "Nilijaza Jumatatu," alisema. "Lilikuwa na robo saa."

Mpika chai alishusha trei. "Mama, usinipige. Mimi huwa nachota kidogo. Ya chai ya Mkurugenzi. Hapo mapokezini ni karibu, na maji yake ni matamu."

Hakuna aliyemwangalia Mkurugenzi, namna ile ya kutomwangalia ambayo mtu anaisikia mpaka kwenye mifupa.

"Zimebaki nne," alisema Mama Robo Saa, vidole bado kwenye kope. "Mzee, lete dumu lako la ofisini. Lile la maji ya kunywa."

"Nimtume..."

"Wewe ndiye una ufunguo wa ofisi. Kimbia."

Na Mkurugenzi alikimbia. Walioona wanasimulia hadi leo: tai imeruka begani, dumu limekaa shingoni, maji yanamwingia kwenye kola. Akapiga magoti pale sakafuni, akapewa jagi.

"Polepole, Mzee. Hapo kwenye kona ya pua, yaende nje. Humwagilii bustani."

"Hivi?"

"Hivyo hivyo. Usiache."

Akamimina. Jagi baada ya jagi, kwa adabu, ulimi umetoka kidogo pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika. Kengele ilipolia, koridoni kulikuwa na ziwa, na katikati ya ziwa hilo wageni watano wakaanza kupiga makofi.

"Zoezi zuri sana," alisema mkubwa wao, akifunga daftari. "Hatujawahi kuona zoezi lenye uhalisia namna hii. Hata mkurugenzi anashiriki. Mnalifanya mara ngapi?"

Mkurugenzi, akichuruzika, aliangalia tangi, akaangalia mwanamke. "Kila wiki," alisema.

Tarumbeta alipelekwa hospitali akiwa na kitambaa kichwani na Mama Robo Saa ubavuni, akiendelea kummiminia maji njia nzima. Daktari alimtazama kwa taa, akatazama tena.

"Nani alikuosha?"

"Shemeji yangu."

"Kwa muda gani?"

"Daktari, sijui. Nilizeeka mle ndani."

"Yatakuwa mekundu wiki mbili, na utarudi hapa kila siku tuyaangalie. Lakini macho yapo. Angeacha dakika ya tatu au ya nne, leo tungekuwa tunaongea mambo mengine."

Tarumbeta alipapasa hewani mpaka akaupata mkono wa shemeji yake, akaushika, na mtu yule ambaye maneno hayajawahi kumwishia alikaa hivyo muda mrefu. Mama Robo Saa anasema ilikuwa kama robo saa. Hakuangalia saa.

Jumatatu ya pili baada ya hapo, wafanyakazi wote waliitwa ukumbini. Tarumbeta alikuwepo, macho mekundu kama ya mtu aliyelia harusini, miwani yake ya kazi imekaa mahali pake, juu ya pua, ingawa ukumbini hakukuwa na la kumrukia isipokuwa hotuba. Fundi saa aliruhusiwa kuingia kama mgeni wa heshima. Barua ya onyo ilikuwa imepotea kwenye faili kwa njia ambazo barua hupotea, na mahali pake pakawa na cheti chenye fremu ya dhahabu, wanunuzi wale wakiwa wamesisitiza sana kwamba wangependa kukiona watakaporudi.

Mkurugenzi alipanda jukwaani. Alisema uongozi, kwa maono yake ya mbali, uliona tangu mwanzo umuhimu wa jicho. Alisema jicho ni taa. Alisema tangi kuanzia leo litakaa mlangoni mwa chumba cha kuchanganya daima na milele, wazo lililomjia yeye mwenyewe akiwa katika tafakuri. Vijana wa kupakia walipiga makofi pasipotakiwa. Alisema, sauti ikipanda, kwamba kiwanda hiki kimejaliwa shujaa, mama wa macho yetu sote, mlinzi wa nuru, nguzo, ngao, na akamkaribisha mbele.

Mama Robo Saa alipanda, saa yake ya kengele kifuani. Akapokea cheti, akakiangalia mbele na nyuma.

Mkurugenzi, koo limemkauka kwa sifa alizozimwaga, alipokea glasi kutoka kwa mpika chai, akanywa funda moja refu, akasafisha koo na kuinua glasi hiyo juu kwa heshima yake.

"Mama yetu," alisema, "kiwanda kizima kinakusikiliza. Tuambie, kutoka moyoni, neno moja tu la kukumbukwa vizazi na vizazi."

Fundi saa alitoa kioo jichoni. Mama Robo Saa aliitazama ile glasi.

"Hayo maji," alisema, "mmeyachota wapi?"